Nani Mwenye Haki ya Kuonya?

Miongoni mwa maswali yaliyowasumbua wanadamu tangu walipoanza kuishi pamoja, liko moja ambalo sisi walimu hatuwezi kulikwepa hata siku moja katika kazi yetu, nalo ni hili: ni nani mwenye haki ya kumwonya mwenziwe? Kila jamii yahitaji maonyo, maana pasipo na kuonyana kila mmoja hufuata nafsi yake, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ambao hauna huruma ya mama. Lakini kila jamii yajua pia kwamba neno la kuonya halikosi kutoka vinywani mwa wasiostahili kulitamka. Wazee walilikata jambo hili kwa maneno matatu, wakasema: nyani haoni kundule. Nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kana kwamba imefunga mjadala. Haikuufunga. Nyani akimcheka nyani mwenziwe, ni kweli kwamba amejisahau. Je, yule anayechekwa hana kundu? Ila ya mwenye kuonya yatosha kuyabatilisha maonyo yake? Hilo ndilo tunalotaka kulipima leo, ndugu wasomaji, na kwa kulipima tumechagua wimbo.

Huenda baadhi yenu wakaona ajabu kwamba katika kurasa hizi, ambamo wamezoea kukuta tenzi, methali na ngeli, tunaleta wimbo wa Kimarekani wa aina ya kantri, tena uliotolewa katika sahani moja ndogo ya santuri na kuuzwa madukani kama iuzwavyo sabuni. Hatuoni haya. Muziki wa kantri si mgeni kwetu. Sauti za Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers zimesikika katika redio za Uganda na Kenya kwa miaka mingi, na wapo wazee vijijini wanaozijua nyimbo zao kwa moyo, ilhali Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Aidha, muziki huo una tabia moja inayokaribiana na ya watunzi wetu: husimulia kisa cha watu wa kawaida, kisha humwachia msikilizaji kazi ya kuhukumu.

Wimbo wenyewe huitwa Harper Valley P.T.A. Herufi hizo tatu ni ufupisho wa jina la umoja wa wazazi na walimu, nasi tunazijua vizuri. Huko Marekani umoja wa kitaifa wa namna hiyo ulianzishwa mjini Washington mwaka 1897, na jina lake la awali lilikuwa la mkutano wa akina mama. Hapa Uganda, katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za serikali zilipopungua, vyama vya wazazi na walimu ndivyo vilivyozibeba shule nyingi mgongoni, hata kuwaongezea walimu riziki zao. Kwa hiyo tusidhani kwamba wimbo huu wakisema chombo kiovu. Wakisema chombo chema kilichokalia kiti kisicho chake.

Kisa ni hiki. Msimulizi ni binti aliye shuleni. Mama yake ni mjane, nao waishi katika mji mdogo ambapo kila mtu amjua kila mtu. Siku moja binti arudi nyumbani na barua kutoka kwa umoja wa wazazi na walimu. Barua yasema kwamba mama huvaa nguo fupi kupita kiasi, kwamba hunywa na kutembea na wanaume, na kwamba haimpasi kumlea mwanawe kwa namna hiyo. Ikatukia kwamba umoja huo wakutana alasiri ile ile. Mama hakujibu barua kwa barua. Alivaa sketi yake fupi, akaingia mkutanoni, akaanza kuwataja wajumbe mmoja baada ya mmoja. Bwana huyu amemwomba miadi mara saba, na mkewe ana mambo yake pindi mumewe asafiripo. Bwana yule aeleze kwa nini karani wake wa kike alilazimika kuuhama mji. Mjane mwingine ana desturi ya kutofunga mapazia ya madirisha yake. Mwingine hakuweza kufika, kwa kuwa amekawia kilabuni kama kawaida yake. Bibi fulani pumzi yake yanuka gini. Kisha mama akawaita wote wanafiki. Binti amaliza kwa kutuhakikishia kwamba hakubuni neno, na kwamba siku ile mama yake aliuweza umoja ule.

Mtunzi wa wimbo huu ni Tom T. Hall, aliyezaliwa mwaka 1936 katika mji mdogo wa Olive Hill, jimbo la Kentucky, akafariki mwaka 2021. Watu wa kantri walimpa lakabu ya Msimulizi, na alistahili. Alipata kueleza kwamba kiini cha kisa hiki alikiokota utotoni, kwa mwanamke mmoja wa mji wao aliyesemwa na wakubwa wa mji, naye akawaendea huko huko shuleni akawaambia yao. Jina la bonde alilitoa kwenye jina la shule moja karibu na Nashville, jimbo la Tennessee, akaligeuza kidogo. Mwimbaji alikuwa Jeannie C. Riley, mzaliwa wa Texas, mwenye umri wa miaka 22, aliyekuwa akifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mambo ya muziki mjini Nashville. Kampuni iliyoitoa santuri hiyo, Plantation Records ya Shelby Singleton, ilikuwa ndogo.

Lililofuata ni jambo la kustaajabisha. Ilikuwa mwaka 1968, mwaka mzito kwa Marekani: mwezi Aprili Martin Luther King aliuawa katika jimbo lile lile la Tennessee, mwezi Juni akauawa Robert Kennedy, na vita vya Vietnam vilikuwa vimewagawa baba na wana. Mwezi Agosti wimbo wa mjane ukaingia katika orodha kuu ya nyimbo zinazovuma, ile itolewayo na gazeti la Billboard, ukashika nafasi ya 81. Juma la pili ukaruka hadi nafasi ya 7. Tarehe 21 Septemba ukawa wa kwanza. Katika orodha ya pili, ile ya muziki wa kantri peke yake, ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma 3. Kabla ya hapo hapakuwa na mwanamke aliyepata kushika nafasi ya kwanza katika orodha zote mbili kwa wimbo mmoja, na baada yake hakutokea mwingine hadi Dolly Parton mwaka 1981. Santuri ziliuzwa kwa mamilioni. Chama cha muziki wa kantri kiliitangaza kuwa santuri bora ya mwaka, na mwaka 1969 Jeannie C. Riley akapata tuzo ya Grammy ya mwimbaji wa kike wa kantri. Mwaka 1978 ikatokea filamu kutokana na kisa hicho, na kisha mchezo wa televisheni.

Lakini hatuna budi kujiuliza orodha ya namna hiyo yapima nini. Siku zile ilitungwa kwa kukusanya taarifa za maduka ya santuri na za vituo vya redio: zimeuzwa ngapi, umepigwa mara ngapi. Yatuambia idadi, haituambii sababu, wala haituambii kama walionunua walikuwa na haki. Wimbo uliokuwa wa kwanza katika orodha kuu ulikaa hapo juma moja tu, na juma lililofuata ukapishwa na Hey Jude wa The Beatles, uliokaa majuma 9. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mjane alikuwa na haki juma lile, kisha haki yake ikakoma. Kwa hiyo hatutasema kwamba mama yule alifanya vema kwa kuwa mamilioni walimshangilia. Tutarudi kwa mamilioni hao baadaye, maana wao nao wana jambo la kutufunza. Kwanza tumpime mama mwenyewe.

Yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: ukweli wa neno, haki ya kulisema, na nia ya kulisema.

Tuanze na ukweli. Tabibu avutaye sigara akimwambia mgonjwa kwamba tumbaku huharibu mapafu, moshi utokao kinywani mwa tabibu haubadilishi hali ya mapafu ya mgonjwa. Neno la kweli ni kweli hata likisemwa na mwongo. Tukiutazama wimbo kwa makini tutaona kwamba mama hakukana hata shtaka moja. Hakusema, sinywi, hakusema, sitembei na wanaume. Alisema tu, nanyi je? Mbele ya hakimu wa mahakama utetezi huo usingemfikisha mbali. Mwizi hafunguliwi kwa kuonyesha kwamba askari naye huiba. Basi kama swali lingekuwa la ukweli tu, mama angekuwa ameshindwa, na mamilioni wangekuwa wameshangilia hoja mbovu.

Lakini onyo si taarifa tu. Onyo ni kitendo. Anayemwonya mwenziwe hamwambii tu kwamba jambo fulani ni baya. Amwambia pia kwa njia ya kimya: mimi nimesimama hapa juu, nawe u huko chini, panda uje nilipo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo mama aliyoivunja. Hakuwaonyesha kwamba kunywa si kubaya. Aliwaonyesha kwamba hapo juu waliposema wamesimama hapana mtu. Nasi twaona kwamba katika hilo alikuwa na haki kamili. Baada ya maneno yake shtaka lilibaki lilipokuwa, likingoja mtu anayefaa kulileta. Wale waliolileta ndio walioondolewa kitini.

Ni nani basi anayefaa? Wapo wasemao kwamba asiye na dhambi peke yake ndiye awezaye kuonya. Fikira hiyo yapendeza masikioni, bali tukiifuata hapatabaki mzazi wala mwalimu wa kumwonya mtoto, kwa maana hakuna asiye na lake. Sisi hatuikubali. Tumfikirie baba mlevi amwitaye mwanawe akamwambia: mwanangu, wanitazama nilivyo, usiipite njia niliyoipita. Onyo hilo latoka kwa mwenye ila, tena ila ile ile anayoikataza, nalo huenda likawa onyo zito kuliko yote ambayo mwana atayasikia maishani. Lina nguvu kwa sababu baba hakujitoa katika kipimo. Alijiweka mwenyewe kwenye mizani, kisha akamwita mwanawe aje atazame. Wajumbe wa Harper Valley hawakufanya hivyo. Kosa lao halikuwa kwamba walikunywa ilhali wakikataza kunywa. Kosa lao ni kwamba kipimo walichompimia mjane hawakukubali kupimwa nacho wao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwa hiyo haki ya kuonya, kwa maoni yetu, haitokani na usafi wa mwonyaji. Yatokana na kukubali kwake kusimama chini ya sheria ile ile.

Sasa tuje kwenye nia. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi ya kazi hii, na mwalimu wa lugha afanya vema kuyatofautisha darasani, maana kila moja lina maadili yake. Kuonya ni kumtahadharisha mtu kabla hajafika kwenye shimo. Kukanya ni kumkataza aliyekwisha kuanza. Kukaripia ni kuonya kwa ukali. Kulaumu ni kumtwika mtu kosa lake. Kusengenya ni kumsema asipokuwapo. Kuaibisha, au kuumbua, ni kumfunua mbele ya watu ili apungue. Ukitaka kujua nia ya mtu usiyatazame maneno aliyoyasema tu; itazame njia aliyopitisha maneno hayo. Wajumbe wa bonde lile waliamua jambo la mama pasipo mama kuwapo. Waliandika barua. Hawakumtuma mmoja wao ampelekee, aketi naye, amwulize mjane huyu maisha ayaendeshaje tangu mumewe kufariki. Walimtwika mtoto. Katika shauri zima lililodaiwa kuwa ni la kumhifadhi mtoto, mtoto ndiye aliyefanywa tarishi wa aibu ya mama yake. Hatuhitaji ushahidi mwingine. Barua ile iliitwa onyo, na kazi yake ilikuwa kuumbua.

Jambo jingine katika barua ile ni kwamba haikuwa na mtu. Ilitiwa sahihi kwa jina la umoja. Twajua sisi sote jinsi kamati inavyoweza kusema lile ambalo hakuna mjumbe wake hata mmoja angethubutu kulisema uso kwa uso. Mmoja hudhani kwamba mwenziwe ana hakika. Mwenziwe hudhani vivyo hivyo. Na barua huandikwa na watu kumi ambao hakuna kati yao aliyeiandika. Alichofanya mama ni kuivunja kamati ikarudi kuwa watu. Kila alipotaja jina, kipande kimoja cha ukuta kilianguka na nyuma yake akaonekana jirani, ambaye jana tu alikuwa akibisha mlangoni kwake.

Kitendo hicho kina jina katika lugha yetu, na si rahisi kukipatia jina katika Kiingereza. Ni kusuta. Katika miji ya pwani mtu aliyemsengenya mwenziwe huendewa mlangoni kwake, akakabiliwa mchana mbele ya majirani, akatajiwa aliyoyasema na ushahidi wake. Kusuta si kusengenya, kwa kuwa hufanywa mbele ya mwenye kusutwa, naye aweza kujibu. Wala si kuonya, kwa kuwa anayesuta hataki kumwongoza mtu. Ataka kumrudishia lililo lake. Mama wa Harper Valley hakuwaonya wajumbe, aliwasuta. Na msikilizaji wa Kiswahili, aliyezoea mafumbo ya taarabu na majina ya kanga, hahitaji kufasiriwa furaha iliyomo katika jambo hilo.

Hata hivyo tusimsifu mama kupita kiasi. Katika kuwasuta wakubwa alipita juu ya mtu mmoja ambaye hakuwa mkutanoni na hakumkosea kitu, naye ni yule karani aliyeuhama mji. Ni nani mwanamke huyo? Wimbo haumtaji kwa jina. Twaambiwa tu kwamba ilibidi aondoke, na wasikilizaji wote walijaza wenyewe sababu. Alikuwa mnyonge kuliko mjane. Huenda naye alifukuzwa na barua ya namna ile ile. Na sasa habari yake yatolewa tena hadharani iwe jiwe la kumpigia bwana wake wa zamani. Vivyo hivyo yule mjane mwingine wa mapazia: jambo lake ladhuru nani, hata litangazwe? Mtu aliyeumizwa kwa kuwa watu walichungulia dirisha lake, naye ameuthibitisha ukweli wake kwa kuchungulia dirisha la mwingine. Hii ndiyo hatari ya kusuta. Ni silaha ya mnyonge, na mara nyingi mnyonge hana nyingine. Lakini haichagui vizuri wa kumjeruhi. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, nayo kanuni hiyo yamlinda mjane wa kwanza na mjane wa pili sawasawa.

Tena lipo suala la mavazi, ambalo ndilo lililotangulia mashtaka yote. Miezi ile ile wimbo ulipokuwa ukipanda huko Marekani, sketi hiyo hiyo fupi ilikuwa ikizua vita katika nchi zetu. Mwezi Oktoba 1968 ilitangazwa Operesheni Vijana nchini Tanzania, ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na mengine ya namna hiyo, na hata kabla ya kuanza kwake mwezi Januari 1969 wanawake walivamiwa na vijana mitaani Dar es Salaam. Uganda nayo ilipata amri ya Idi Amin mwaka 1972. Na jambo halikuishia zama hizo: mwaka 2014, baada ya kutiwa sahihi sheria ya kupinga ponografia nchini Uganda, walitokea watu waliojitwalia kazi ya kuwavua wanawake nguo barabarani kwa jina la adabu, na sheria hiyo ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021 tu. Mtu amvuaye mwanamke nguo barabarani ili kumfunza kujisitiri, huyo amekwisha kujibu mwenyewe swali la nani mwenye haki ya kuonya. Hatusemi kwamba mavazi hayana adabu yake. Kila jamii ina adabu ya mavazi, na ni vema mzee amwambie kijana. Twasema kwamba vazi ni jambo rahisi kuliona, na kwa sababu hiyo huwavutia waonyaji wavivu. Urefu wa sketi wapimika kwa rula. Ukarimu, uaminifu na bidii ya mzazi havipimiki hivyo, basi huachwa.

Na soko nalo halikuwa na maadili bora kuliko ya kamati. Jeannie C. Riley, aliyeimba habari za mwanamke aliyehukumiwa kwa sketi yake, aliuzwa kwa watu kwa sketi hiyo hiyo. Alipandishwa jukwaani amevaa nguo fupi na buti ndefu, ili mwimbaji afanane na wimbo. Baadaye alijitoa katika sura hiyo, akageukia nyimbo za dini. Hapo twaona kwamba mtu aweza kufungwa na sifa kama afungwavyo na lawama, endapo zote mbili zatazama vazi lake wala hazimtazami yeye.

Sasa turudi kwa wale mamilioni. Kila aliyeinunua santuri ile alisimama upande wa mjane. Hatujasikia mtu aliyeinunua kwa kuwa aliwahurumia wajumbe. Lakini wajumbe wa kamati za shule za Marekani walitoka wapi, kama si miongoni mwa watu hao hao wenye redio na fedha ya kununua santuri? Haikosi wapo waliousikiliza wimbo huo jioni, wakacheka na kupiga makofi, kisha kesho yake wakaketi mezani kuamua jambo la mjane wa mji wao. Hivyo ndivyo tulivyo. Tusikiapo kisa cha mnafiki, kila mmoja wetu hujiona ndiye aliyeonewa, na unafiki huwa daima wa jirani. Hii ndiyo maana halisi ya methali ya nyani, kuliko ile tuliyozoea kuitaja: si kwamba nyani anayecheka amejificha, bali kwamba kweli haoni. Mnafiki aliye mwongo kwa makusudi ni wa nadra. Wengi ni watu wema wasiotazama nyuma yao.

Yatupasa basi tujiulize sisi, ndugu walimu, maana wimbo huu umetukuta ndani ya shule. Katika madarasa yetu wamo watoto ambao karo yao hutoka katika mtungi wa pombe ya kienyeji aipikayo mama usiku. Wanaoinywa pombe hiyo ni nani? Ni watu wa mji, na miongoni mwao wamo wazazi wa kamati, na pengine walimu pia. Siku mama huyo atakapoitwa mbele ya kamati, au barua itakapoandikwa kwake, swali letu halitakuwa la nadharia tena. Litakuwa la mtoto atakayeichukua barua hiyo mfukoni, akiwa amekwisha kujua kusoma, kwa kuwa ni sisi tuliomfundisha.

Kwa hiyo twapendekeza vipimo vitatu kabla ya mwalimu au kamati kumwonya mzazi. Kwanza, neno hilo twaweza kumwambia uso kwa uso, kila mmoja kwa jina lake, pasipo kujificha nyuma ya muhuri? Pili, tu tayari kupimwa sisi kwa kipimo hicho hicho, hadharani ikibidi? Tatu, neno hilo likisha kusemwa, mtoto atapata faida gani ambayo hakuwa nayo jana? Kama jibu la mojawapo ni hapana, basi tunyamaze kwanza, tufunge safari twende nyumbani kwa mama huyo, tukaketi kwenye kiti atakachotupa, tumwulize hali. Huenda tukaona kwamba halihitajiki onyo bali msaada. Huenda pia tukaona kwamba onyo lahitajika, tena kali. Hapo tutalitoa, naye atalipokea au atalikataa, lakini hatakuwa na sababu ya kutujia mkutanoni kutusuta.

Liko jambo moja la mwisho ambalo wimbo waliacha bila kulisema. Katika mkutano ule wa Harper Valley, kamati ilimsema mama na mama akaisema kamati. Hakuna upande uliomtaja binti isipokuwa kama hoja. Hakuna aliyeuliza asomaje, alalaje, afikirije. Hata hivyo ni yeye aliyeibeba barua, ni yeye aliyemwona mama yake akivaa na kutoka, na ni yeye, katika wimbo wote, anayesimulia. Wakubwa walipokuwa wakigombania haki ya kuhukumu, mtoto alikuwa kando akiyaweka yote moyoni. Nasi tukumbuke kwamba katika kila shule iko sauti ya namna hiyo, inayotutazama tunavyoonyana, na siku moja itayasimulia yetu.